Dakika Kumi na Tisa za Ngazi Tupu

Kamera ya ngazini haikuwa na tabia ya kuamka bure. Ilikuwa ya aina ile inayolala mpaka kitu kipite mbele yake. Kikipita inaamka na kurekodi, kikiondoka inasinzia tena. Wenye jengo waliipenda kwa sababu haijazi diski upesi. Kwa hiyo Mama Saa alipofungua rekodi za Jumapili ile akakuta dakika kumi na tisa za ngazi tupu, hakuzirukisha kama ambavyo mimi na wewe tungezirukisha. Alisogeza kiti. Ukuta mweupe, reli ya chuma, vidato kumi na viwili, mwanga wa asubuhi ukitambaa taratibu. Hapakuwa na panya, pazia wala karatasi iliyopeperuka. Na bado kamera ilikuwa macho.

"Umeona nini wewe?" akaiuliza.

Usimcheke. Mtu anayeshinda peke yake katika chumba kisicho na dirisha, skrini mbili mbele na feni moja nyuma, lazima aongee na kitu, la sivyo ulimi utaota kutu.

Jina la Mama Saa alipewa na wenzake. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa, na yeye mwenyewe swali lake la kwanza kwa kila ushahidi lilikuwa moja: saa ya kamera hii inasema kweli? Kazi yake ilikuwa kutazama. Watu wakifa, wakiibiwa au wakipotea, polisi walimletea diski ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, naye akaandika nani kapita wapi na saa ngapi. Hakuandika "mwizi". Aliandika "mtu mwenye shati jeupe", basi. Alikuwa na sifa ya kutokosea, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsubiri nyumbani jioni, maana mtu hakuwepo.

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Jumapili asubuhi, karani mmoja aliyekwenda ofisini kumalizia kazi alianguka kwenye ngazi hizo akavunjika shingo. Ndani ya jengo walikuwa wawili tu, yeye na mlinzi wa mlangoni. Kamera ya ngazi ilisema karani ameanguka saa tatu na dakika arobaini. Kamera ya mlango ilisema dakika hiyohiyo kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu. Mlinzi alisema alikwenda chooni. Sasa nani atamwamini mlinzi aliyekwenda chooni wakati mtu anakufa? Wakamweka ndani, na Ijumaa hakimu angeamua kama ana kesi ya mauaji ya kujibu.

Dada yake mlinzi alikuwa akishinda kwenye benchi la nje ya ofisi tangu Jumatatu, na kikapu mapajani. Mama Saa alipopita Jumanne asubuhi, yule dada alisimama.

"Shikamoo mama. Siombi upendeleo. Naomba utazame mpaka mwisho tu."

"Marahaba. Mimi kutazama nusu sijui, mwanangu."

Kwa Mama Saa maneno hayo yalikuwa kiapo. Mchana alikwenda kwenye lile jengo pamoja na mpelelezi wa kesi, kijana mpole mwenye macho ya usingizi. Akasimama mbele ya kamera ya mlango, akainua simu yake yenye saa sahihi ili kamera iirekodi. Saa zililingana. Akapanda ngazi, akafanya vilevile mbele ya kamera ya pili. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Saa ya kamera ya ngazi ilikuwa nyuma dakika kumi na moja.

"Maana yake nini?" mpelelezi akauliza.

"Maana yake marehemu hakuanguka na dakika arobaini. Alianguka na dakika hamsini na moja. Na dakika hiyo mlinzi wako, mwenye choo chake, alikuwa amesharudi. Yuko kwenye kiti, mbele ya kamera, anakunywa chai."

Mpelelezi alishika kichwa. "Nimeweka mtu ndani kwa saa mbovu."

"Saa haisemi uongo. Inasema ilivyofundishwa." Hayo yalikuwa maneno ya mumewe.

Mlinzi alikuwa amepona, lakini kwenye karatasi tu, na karatasi haijisomei. Bila mwandishi wake kusimama mbele ya hakimu akala kiapo, ripoti ile ingekuwa ya kufungia maandazi. Ijumaa saa tatu asubuhi Mama Saa alitakiwa awe pale, mzima, mwenye akili zake.

Aliporudi ofisini akaanza kuzipanga rekodi mbili kwa saa mpya, na furaha yake ikaingia mchanga. Kwa saa ya zamani, mambo ya mlangoni na ya ngazini hayakuwa na uhusiano. Sasa yalifuatana. Saa tatu na dakika thelathini na moja mlinzi anainuka kitini, anafungua mlango wa mbele kwa upana, anasimama kando na kutabasamu kwa adabu. Haingii mtu. Anatazama nje, kulia na kushoto, anafunga. Dakika moja baadaye, juu, kamera ya ngazi inaamka na kutazama ngazi tupu. Inakaa macho dakika kumi na tisa. Kisha karani anatokea, anaona kitu, uso wake wote unachanua, ananyoosha mkono wa kulia kama mtu anayempokea ndugu kutoka safari ya mbali, vidole vyake vinafumba, vimeshika, au vimeshikwa, na mkono unavutwa mbele na mwili unaufuata.

Karani huyo, mpelelezi alimwambia, alimzika pacha wake mwaka uliopita.

Kamera ya mlango ilikuwa na kipaza sauti. Mama Saa alikuwa ameahidi kutazama mpaka mwisho, na kusikiliza nako ni kutazama. Akavaa hedifoni, akaongeza sauti, akarudi kwenye dakika ya thelathini na moja. Alisikia redio ndogo ya mlinzi, kisha redio ikakoroma. Ndipo ikaja, kwa mbali, kama kutoka upande wa pili wa barabara.

"Hodi."

Akasitisha pumzi. Ya pili ikawa mlangoni kabisa. Mlinzi akainuka kitini. Na ya tatu, nakwambia, haikutoka mlangoni wala kwenye rekodi. Ilikuwa nyuma ya sikio lake la kushoto, ya upole, yenye kikohozi kidogo mbele yake, sauti ya fundi saa aliyezikwa miaka miwili iliyopita.

"Hodi hapa."

Miaka miwili hakuna aliyepiga hodi kwake. Majirani walipita na salamu za juujuu, binti yake alikuwa nchi ya mbali. Kinywa kina mazoea yake, hakisubiri kichwa.

"Karibu," akasema Mama Saa.

Akavua hedifoni kwa pupa, ikaanguka sakafuni. Chumbani palinuka mafuta ya mashine, yale mepesi ya kutia kwenye saa kwa ncha ya sindano.

Alimwita Mkuu wake asikilize. Mkuu alikuwa na watoto sita, mke, mama mkwe na choo kimoja, na alipenda kusema kwamba yeye akisikia ukimya anaita daktari. Alisikiliza mara tatu akitikisa kichwa.

"Upepo huo, Mama Saa. Nenda ukapumzike."

Mpelelezi alipokuja kuchukua nakala, akasikiliza yeye. Hakufika hata ya tatu. Alivua hedifoni polepole, akaiweka mezani kwa mikono miwili, na macho yake ya usingizi yalikuwa wazi kabisa.

"Umesikia nini?" Mama Saa akanong'ona.

"Mke wangu wa kwanza." Akameza mate. "Hiyo sauti usiiweke kwenye ripoti, mama. Tafadhali."

"Ulimwitikia?"

"Hapana. Wewe je?"

Mama Saa akajifanya anatafuta kalamu.

Nyumbani kwake palikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, sebule yenye saa ya ukutani ya pendula. Kutia ufunguo saa ile ilikuwa kazi ya mume, kila Jumapili, na tangu afe ilikuwa imesimama kwa sababu mke hakuwa na moyo wa kuigusa. Juu ya kabati palikuwa na kamera ndogo. Binti ndiye aliyeituma: "Mama, iweke nikuone hata nikiwa huku." Aliangalia wiki moja, tena kwa bidii, akapiga hata kuuliza mbona mama amebadilisha mapazia. Baadaye mambo yakawa mengi. Kamera ilibaki inamtumia mwenye nyumba mwenyewe ujumbe kwenye simu kila kitu kilipojongea, na kitu hicho kilikuwa ni yeye.

Jumatano saa saba mchana, akiwa ofisini na mkate mkononi, simu ilitetemeka. *Kuna kitu kinajongea sebuleni.*

Akafungua picha. Sebule ilikuwa tupu, kochi limepigwa kitambaa chake, meza safi. Kilichojongea kilikuwa pendula. Kulia, kushoto, kulia. Kama mtaalamu alijituliza: pendula ikicheza kamera lazima iamke, hapo hakuna muujiza. Akatafuna mkate. Kisha akaacha kutafuna, maana pendula haijitii ufunguo.

Jioni aliingia ndani kwa miguu ya paka. Saa ilikuwa inatembea. Akailinganisha na simu yake: ilikuwa nyuma dakika kumi na moja, haikuzidi wala kupungua. Mezani, kwenye upande ambao yeye hakai, kiti kilikuwa kimevutwa nje kidogo, kama mtu ameinuka hivi punde na anarudi. Harufu ya mafuta ilikuwa imetua kwenye mapazia.

Nitasema ukweli ambao Mama Saa hakumwambia yeyote. Aliogopa, ndiyo. Lakini usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka miwili, kwa sababu sebuleni kulikuwa na tiki-taka.

Alimpigia binti yake Alhamisi, mapema kabla ya kazi.

"Mama, niko mbioni. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nilitaka kukusikia tu."

"Wikendi nitakupigia tuongee vizuri. Kweli safari hii."

"Haya mwanangu."

Alipokata, kutoka chumbani mtu alikohoa kidogo.

Siku nzima simu ilitetemeka. Akifungua, kiti kimesogea. Akifungua tena, kimesogea upande wa pili, karibu na kiti chake. Saa tisa akafungua na kiti hakikuwepo mezani. Kilikuwa mbele ya kabati, kimeelekea kamera, na mto wake umebonyea kama mto ulio na mtu. Mama Saa aliukuza ule mto mpaka picha ikawa vumbi, akaangalia kama anavyoangalia za wengine, akiwa na kalamu mkononi, na kwenye daftari akajikuta ameandika: *mtu asiye na shati lolote.*

Jioni ile alikaa kwake mezani. Kiti cha pili kilikuwa kimesharudi mbele yake. Akazungumza bila kukitazama, sauti ya chini.

"Wewe si yeye. Mume wangu alikuwa na ufunguo. Miaka ishirini na saba hakupiga hodi nyumbani kwake hata siku moja. Na saa yake haikuwahi kuchelewa hata dakika, angeona aibu. Ushahidi wote uko wazi."

Tiki. Taka.

"Kesho nina mtu wa kumtoa ndani. Usinizuie."

"Usiende," kiti kikasema, kwa upole ule wa mtu anayekuomba ukae kidogo, mvua inyeshe iishe.

Asubuhi ya Ijumaa alijifunga kilemba, akaweka ripoti kwenye faili, akafungua mlango bila kugeuka. Na pale juu ya ngazi, jua limejaa kwenye kuta, watoto wa jirani wakisikika chini wakigombania kiatu, mchana kweupe kabisa, sauti ilikuwa kidato kimoja mbele yake ikasema, "Nipe mkono, mke wangu, leo wamepiga deki, zinateleza," na kweli zilikuwa zimepigwa deki, zilikuwa zinang'aa maji, na mumewe kweli alikuwa na desturi ya kutangulia kidato kimoja na kunyoosha mkono nyuma bila kutazama, na mkono wake wa kulia yeye Mama Saa ulikuwa umeshaanza kuinuka wenyewe, ulikuwa umefika usawa wa kiuno na vidole vimefunguka, alipoona macho ya karani yaliyochanua, yakamjia wazi kuliko yalivyokuwa kwenye skrini, akaurudisha ule mkono kwa nguvu kama mtu anayemrudisha mtoto barabarani, akalikumbatia faili kwa mikono yote miwili kifuani, akakaa chini, mtu mzima na kilemba chake, akateremka ghorofa tatu kwa makalio, kidato kwa kidato, akihesabu kwa sauti, na kila alipotaja namba kulikuwa na mtu anayeirudia nyuma yake kwa kuchelewa kidogo.

Alifika mahakamani na sketi yenye maji. Hakuna aliyeuliza.

Alisoma ripoti yake kwa sauti kavu. Dakika kumi na moja. Kiti cha mlinzi. Kikombe cha chai. Mwendesha mashtaka aliinuka akakaa, akainuka tena. Hakimu ndiye aliyetaka kujua jambo moja.

"Shahidi, huyu mlinzi alimfungulia nani mlango?"

"Kamera haikuonyesha mtu, mheshimiwa. Imeonyesha mlango umefunguliwa na umefungwa."

"Na wewe kwa maoni yako?"

"Mimi huandika kinachoonekana, mheshimiwa."

Kabla ya adhuhuri mlinzi alikuwa huru. Nje walimsubiri dada yake, shemeji, shangazi wawili na watoto wasiohesabika, wakamvamia wote kwa pamoja mpaka kofia ikamtoka. Alipopata nafasi alijichomoa, akamjia Mama Saa pembeni ya ukuta, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mama Saa alishtuka kwa joto la ile mikono.

"Mama, Mungu akulipe." Kisha akashusha sauti. "Uliisikia ile sauti?"

"Niliisikia."

"Kwangu ilikuwa ya marehemu mama yangu. Ikanifuata mpaka rumande. Inapiga hodi ukutani. Nikakaa nikawaza: mama yangu mimi, hodi? Mama yangu aliingia kwangu anagombana tangu barabarani. Nikaiambia, wewe si mama, na mimi niliyekukaribisha ndiye ninayekutoa. Nikaisindikiza mpaka kwenye nondo, kama unavyomsindikiza mgeni. Nikasema kwaheri, nikanyamaza hapo." Akamtazama usoni. "Usiseme karibu tena, mama. Hapo tu ndipo pana kazi, maana ulimi umezoea. Ulimwitikia?"

"Nilimwitikia."

"Basi ukifika leo, mtoe. Usimwonee haya."

"Nitamtoa."

"Twende kwanza kwetu ule nasi," dada akasema kwa nyuma, na alimaanisha.

"Siku nyingine, mwanangu. Nina kazi nyumbani."

Wakaondoka kwa kelele, kofia ikirushwa juu. Akawatazama mpaka kona ikawameza.

Njiani alikariri. *Mimi niliyekukaribisha ndiye ninayekutoa. Kwaheri.* Maneno machache tu. Alipanda ngazi za kwao, zilikuwa zimeshakauka, na hakuna aliyemsemesha. Simu ilitetemeka kwenye mkoba, akadhani ni binti. *Kuna kitu kinajongea sebuleni.* Hakufungua picha.

Akasimama mbele ya mlango wake, ufunguo mkononi. Aliyajua yote, usije ukasema hakujua. Alijua karani alikufaje. Alijua si mumewe, na angeweza kuliapia hilo mbele ya hakimu yeyote. Mlinzi alikuwa huru, kiapo kimetimia, hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa akimsubiri mahali saa fulani. Alifikiria kufungua, kusema yale maneno, kisha pendula isimame. Alifikiria Jumamosi, kisha Jumapili, na mkate wa saa saba. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Mama Saa alikuwa amechoka sana siku hiyo.

Aliurudisha ufunguo kwenye mkoba. Akainua mkono, akagonga mlango wake mwenyewe mara mbili.

"Hodi," akasema.

Ndani kiti kikasukumwa nyuma. Nyayo zikaja taratibu, bila haraka yoyote.

"Karibu," ikasema sauti ya fundi saa, na kitasa kikazunguka.